Aliiba Nini Hasa? Maelezo ya Mali Katika Hati ya Mashtaka

(Mazungumzo na wajumbe wa vikundi vya kujisaidia)

 

Tumeombwa na vikundi kadhaa tuzungumze juu ya jambo linalowauma wengi. Mwizi anashikwa, anapelekwa stesheni, anafikishwa kortini, halafu baada ya miezi kadhaa anarudi kijijini akipiga mluzi. Watu wanasema, "Pesa imepita." Siku nyingine akishikwa mwizi mwingine hawampeleki popote, wanamchoma hapo hapo. Nasi tumekwisha kuwazika vijana wa namna hiyo, na baadhi yao hata hawakuwa wezi.

Hatutawaambia kwamba pesa haipiti kamwe. Mnaishi Kenya, mnajua. Lakini kesi nyingine huanguka bila mtu kupewa hata senti moja, na sababu yake iko katika swali dogo ambalo hakimu atauliza hata kama hakuna mwingine wa kuuliza: aliiba nini hasa? Hati ya mashtaka inasema "mota ya maji". Mlalamishi anasimama na kusema ni mota yetu. Anaulizwa, umeijuaje? Anajibu, "Si ni yetu tu." Hapo kesi imekwisha kuugua.

Kwa hiyo leo tutaangalia mali inavyoelezwa katika mashtaka. Tutaanza na sheria, halafu tuje kwa daftari zenu.

Katika nchi yetu namna ya kuandika mashtaka imewekwa katika Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, ile inayoitwa Sura ya 75. Kifungu cha 134 kinataka hati ya mashtaka itaje kosa lenyewe, halafu itoe maelezo yanayotosha kumjulisha mshtakiwa analaumiwa kwa jambo gani. Kisha kifungu cha 137 kinaonyesha namna ya kuandika maelezo hayo, pamoja na yale ya mali. Kinasema mali ielezwe kwa lugha ya kawaida, na ielezwe kwa uwazi wa kutosha ili ijulikane ni mali gani inayozungumziwa. Ikiisha kuelezwa hivyo, si lazima kutaja jina la mwenyewe wala bei yake, isipokuwa kama kosa lenyewe linategemea mwenye mali ni nani au thamani yake ni kiasi gani.

Mkisikia hivyo mtafikiri ni jambo rahisi. Kwa upande wa hati, ndiyo, ni rahisi. Tuseme imeandikwa: "Mnamo usiku wa tarehe 3, katika kijiji fulani, aliiba ng'ombe mmoja jike, mwekundu, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, wa thamani ya shilingi 45,000, mali ya fulani." Hiyo inatosha kabisa. Haihitaji jina la baba ya ng'ombe. Tena hata ingeandikwa "ng'ombe mmoja jike, mwekundu" bila bei, hati isingeanguka kwa sababu hiyo peke yake. Polisi huweka bei na jina la mwenyewe kwa kawaida, na ni vizuri waweke.

Haikuwa hivi tangu zamani. Sheria yetu imetoka Uingereza, na huko Uingereza maneno ya mashtaka yalikuwa mtego. Mwaka wa 1774 kulikuwa na kesi ya mtu aliyeshtakiwa kwa kuiba ng'ombe jike. Ushahidi ukaonyesha kwamba alikuwa mtamba, hajazaa bado. Majaji wakasema sheria imetaja ng'ombe jike mbali na mtamba mbali, kwa hiyo shtaka halikuthibitishwa. Mwaka wa 1829 ikawa zamu ya kondoo: hati ilisema "kondoo", mnyama mwenyewe alikuwa kondoo jike, na kwa kuwa sheria ilitaja kondoo na pia kondoo jike, hukumu haikusimama. Halafu kuna ile ya bata mzinga. Waliposhtakiwa watu kwa ajili ya bata mzinga ambao walikuwa wamekwisha kufa, ikasemwa kwamba ukitaja mnyama kwa jina tu, maana yake yu hai. Kama amekufa, andika amekufa!

Msicheke sana. Wakati huo mwizi wa kondoo Uingereza aliweza kunyongwa, na majaji wengine walitafuta kila tundu la kumwokoa mtu. Kwa hiyo ule ukali juu ya maneno ulikuwa pia huruma. Lakini nyonga hizo zilipopungua, ukali wa maneno ukabaki bila kazi. Bunge lao likaanza kulegeza. Mwaka wa 1851 waliruhusu korti kusahihisha makosa ya namna hiyo, na wakasema sarafu na noti zaweza kuitwa pesa tu bila kueleza kila noti. Mwaka wa 1915 wakatunga sheria mpya ya mashtaka iliyoruhusu lugha ya kawaida. Sheria yetu ya mwaka wa 1930 ikachukua kanuni hizo karibu neno kwa neno. Ndiyo maana leo hakuna mtu Kenya atakayeachiliwa kwa sababu tu karani aliandika "ng'ombe" badala ya "mtamba".

Sasa angalieni hapa, maana ndipo watu wengi wanapopotea. Hati ya mashtaka ni jambo moja, na ushahidi ni jambo jingine. Sheria imelegeza hati. Haikulegeza ushahidi. Hati inaweza kusema "jembe moja" na hakimu akaikubali. Lakini mlalamishi atakapopanda kizimbani, jembe litaletwa mbele yake, na ataulizwa kwa nini anasema ni lake. Mshtakiwa mwenyewe, hata kama hana wakili, anaweza kumuuliza: "Mama, jembe kama hili haliuzwi sokoni kila Jumatano?" Mama atasema linauzwa. "Basi unajuaje si lile nililonunua mimi?" Kama mama anaweza kusema, "Geuza mpini, utaona nimechoma alama ya msalaba na msumari wa moto karibu na chuma, na huku kuna ufa niliofunga kwa waya wa shaba," maswali yatakwisha. Kama hawezi, mshtakiwa ataachiliwa, na hakimu atakuwa amefanya sawa.

Mahakama ya Rufaa imeeleza jambo hili mara nyingi katika kesi ambazo mtu amekutwa na mali iliyoibwa siku chache tu zilizopita. Kabla ya mtu huyo kuhesabiwa kuwa ndiye mwizi, mambo manne lazima yathibitishwe. Kwanza, mali ilikutwa kwake kweli. Pili, mali hiyo ni ya mlalamishi bila shaka. Tatu, iliibwa kwa mlalamishi. Nne, iliibwa karibuni, na neno karibuni hupimwa kwa namna mali yenyewe inavyopita mikononi mwa watu: simu hubadilisha mikono mara tatu kwa siku moja, lakini mashine ya kusaga haiuzwi haraka hivyo. Katika hayo manne, la pili ndilo linalovunja kesi nyingi za vijijini. Askari walifanya kazi yao, mwizi alikutwa na vitu, lakini mwenyewe hana la kusema isipokuwa "inafanana na yangu".

Na tukumbuke kwamba mshtakiwa ana haki yake. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 50, inasema mtu aelezwe shtaka lake kwa kinaganaga kiasi cha kuweza kulijibu. Hebu fikirini kijana wako ameshikwa, hati inasema tu "aliiba vitu vya nyumbani". Vitu gani? Sufuria? Redio? Blanketi? Ajibu nini? Kama angejua ni redio, angemleta aliyemuuzia ile redio aje aseme. Maneno ya jumla yanamfunga mtu mikono kabla hajafungwa pingu. Hapo mtu wenu, au wakili kama yupo, anaweza kusimama na kumwambia hakimu: shtaka hili halinielezi, naomba maelezo. Si lazima ajue nambari ya kifungu. Aseme hivyo kwa Kiswahili, hakimu ataelewa.

Tena kuna wanaokubali kosa siku ile ya kwanza ili mambo yaishe. Mwaka wa 1973 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilipanga hatua za kufuatwa: asomewe shtaka kwa lugha anayoielewa, na akikubali, kiongozi wa mashtaka asome jinsi mambo yalivyotokea, halafu mshtakiwa aulizwe kama hayo ni kweli. Hatua hiyo ya pili inasaidia sana. Kijana anaweza kusema "ni kweli" kwa shtaka la kuiba mbuzi watatu, kisha mambo yanaposomwa akasema, "La, mimi nilichukua mmoja, wale wengine siwajui." Hapo hakimu huandika kwamba amekana na kesi huendelea kusikizwa. Waambieni vijana wenu wasikilize mpaka mwisho.

Swali hili huulizwa kila mahali: je, hati ikisema mbuzi watatu na ushahidi ukaonyesha wawili, kesi imeanguka? Haijaanguka. Aliyeiba wawili kati ya watatu ameiba. Tofauti ndogo za saa na tarehe nazo haziui kesi, kifungu cha 214 kinasema hivyo. Kifungu hicho hicho kinamruhusu hakimu kuagiza hati irekebishwe kabla upande wa mashtaka haujafunga ushahidi wake. Ikirekebishwa, mshtakiwa asomewe upya na ajibu upya, na akitaka mashahidi waitwe tena awaulize maswali, ana haki hiyo. Hata kwenye rufaa, kifungu cha 382 kinasema hukumu haitatenguliwa kwa kosa la maandishi katika hati, mpaka ionekane kwamba kosa hilo lilileta udhalimu.

Lakini sikilizeni. Hati ikisema ng'ombe mweusi na shahidi akasema mwekundu, hiyo haitakuwa tofauti ndogo. Hapo hakimu hajiulizi tu kama karani alikosea. Anajiuliza kama ni ng'ombe yule yule. Na mara nyingi kosa halikuanzia kwa karani. Lilianzia siku ya kuandikisha taarifa, pale mwenye ng'ombe alipokuwa na hasira akasema upesi upesi, askari akaandika, yule mtu akatia kidole bila kusomewa. Baada ya miezi sita maneno yale yanasomwa kortini, na yeye mwenyewe anayashangaa.

Kuna mahali ambapo jina la mali linabadilisha adhabu, na hapo lazima hati iseme wazi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, inasema wizi wa kawaida, kifungu cha 275, ni kifungo cha hadi miaka 3. Lakini wizi wa mifugo, kifungu cha 278, ni hadi miaka 14. Sheria imewataja wanyama wenyewe: farasi, punda, nyumbu wa kufugwa, ngamia, mbuni, ng'ombe dume na jike na maksai, kondoo, mbuzi na nguruwe, pamoja na watoto wao. Ndiyo, mbuni yumo. Kuku hayumo! Mama wa kuku hamsini analala bila kifungu chake, na mwenye mbuni mmoja analindwa kwa miaka 14. Bata hayumo, sungura hayumo. Kwa hiyo mwizi wa kuku kwa kawaida atashtakiwa kwa wizi wa kawaida. Na hati ya wizi wa mifugo ikisema tu "mnyama mmoja", haitoshi, kwa sababu haionyeshi kama mnyama huyo ni katika wale waliotajwa.

Vivyo hivyo bei. Kifungu cha 279 kinazungumzia kuiba ndani ya nyumba ya kuishi, na hapo thamani ikizidi shilingi 100 adhabu inaweza kufika miaka 14. Shilingi 100 siku hizi haifiki mbali, lakini sheria ilipoandikwa zilikuwa ni pesa. Katika shtaka kama hilo bei ni sehemu ya kosa, lazima itajwe na lazima ithibitishwe. Risiti inasaidia. Kama hakuna risiti, mtu anayejua bei za soko aseme. Gari nalo lina kifungu chake, 278A, hadi miaka 7.

Sasa pesa, ambazo ndizo ugonjwa wa vikundi.

Pesa zikiibwa, hati haina haja ya kueleza kwamba zilikuwa noti tatu za elfu na sarafu kadhaa. Inatosha kusema "pesa, shilingi 3,400". Na pale ambapo mfanyakazi, karani, mkurugenzi au wakala ameiba kidogo kidogo kwa muda mrefu, sheria inaruhusu hati kutaja jumla ya mali iliyopotea na tarehe mbili, ya kuanzia na ya kumalizia, bila kueleza kila siku alichukua ngapi. Hilo ni jambo la kuwafaa sana, kwa maana hakuna kikundi kinachoweza kujua kwamba siku ya Alhamisi fulani ilipotea shilingi 200. Lakini jumla hiyo haitoki hewani. Itatoka katika daftari. Mkienda stesheni mkasema, "Pesa zetu zimeliwa, nyingi sana," askari ataandika nini? Mkienda na daftari la michango, vitabu vya risiti, taarifa ya benki na taarifa ya M-Pesa, na mkawa mmekwisha kukaa chini mkatoa kilichotumika kutoka kwa kilichoingia, mtakuwa na jumla ya kuandika. Kikundi ambacho daftari lake limeliwa na mchwa tangu mwaka juzi, hata malaika hawezi kukiandikia hati ya mashtaka.

Mtunza hazina akishikwa husema, "Mimi pia ni mwanachama, pesa ni zangu vilevile, siwezi kujiibia." Tumesikia wazee wengi wakinyamaza kwa neno hilo, wakidhani ni kweli. Si kweli. Kifungu cha 273 kinasema mtu anaweza kuiba mali hata kama yeye ni mmoja wa wenye mali hiyo, au ni ofisa wa chama chenye mali hiyo. Kuwa na fungu katika sufuria hakumruhusu mtu kubeba sufuria nzima usiku. Mwambieni hivyo kwa upole, na mara nyingi pesa hurudi kabla ya kufika stesheni. Ikirudi, ashukuriwe Mungu.

Na mali ya kikundi iandikwe kuwa ni ya nani? Tumeona kesi ambapo mahema ya kikundi yameandikwa kuwa mali ya mwenyekiti, kwa sababu ndiye aliyekwenda kupiga ripoti. Siku ya kesi, wakili anamuuliza, "Mzee, mahema haya ni yako?" Naye kwa ukweli wake anasema, "Hapana, ni ya kikundi." Sheria haikutaka mpate taabu hiyo. Kifungu cha 137 kinasema kama wenye mali ni kundi lenye jina lao la pamoja, inatosha kuandika jina hilo, bila kumtaja mtu hata mmoja. Au anatajwa mmoja kwa jina na kuongezwa "na wengine". Kwa hiyo mkienda kuripoti, chukueni cheti cha kuandikishwa kwa kikundi, ambacho siku hizi kinafuata Sheria ya Kuandikisha Vikundi vya Kijamii ya mwaka wa 2022, na mwambie askari aandike jina kama lilivyo kwenye cheti, herufi kwa herufi. Halafu chagueni mtu wa kwenda kutoa ushahidi. Asiwe mwenye cheo kikubwa tu, awe yule anayekijua kitu chenyewe. Kama mashine ya kushona ilikuwa kwa Mama fulani na yeye ndiye aliyekuwa akiitia mafuta, huyo ndiye shahidi.

Tuje basi kwa daftari la mali. Tunaomba kila kikundi kiwe na daftari moja ambalo si la pesa. Kila kitu cha kikundi kiandikwe: kilinunuliwa lini, wapi, kwa bei gani, risiti iko wapi, na alama yake ni nini. Mashine, mota, pampu na paneli za sola zina nambari iliyopigwa na kiwanda. Inakaa chini au nyuma, mahali pa uvivu. Geuzeni, pangusa vumbi, andikeni. Simu ina nambari yake ya IMEI, bonyeza *#06# itakuja yenyewe, na simu ya laini mbili huonyesha nambari mbili, andikeni zote. Viti na sufuria havina nambari, kwa hiyo mnatia wenyewe. Rangi peke yake haifai, mwizi hupaka rangi nyingine kwa nusu saa. Pigeni alama kwa patasi au kwa msumari wa moto, sehemu mbili: moja inayoonekana na nyingine iliyofichika ambayo wanajua maofisa tu. Hiyo iliyofichika ndiyo itakayozungumza kortini. Mkiweza, pigeni picha na mhifadhi katika simu za watu wawili.

Kwa mifugo, chuma cha moto na mkato wa sikio bado ni dawa. Lakini andikeni pia yale mnayoyajua kwa macho: pembe la kushoto limekwenda chini, chuchu moja haitoi maziwa, kovu la waya kwenye paja. Mchungaji anayejua hayo huwa shahidi mzuri kuliko daktari wa mifugo. Na kama mbuzi amekwisha kuchinjwa, msitupe ngozi wala kichwa. Nyama haina jina, hakuna awezaye kusema mnofu huu ni wa mbuzi wangu. Ngozi na masikio vinaweza.

Mkiibiwa, nendeni na daftari hilo stesheni siku hiyo hiyo. Pateni nambari ya OB. Taarifa ikiisha kuandikwa, omba usomewe kabla ya kutia sahihi. Ukisikia "mweusi" na wewe ulisema mwekundu, sema papo hapo isahihishwe. Askari mwingine atakunja uso. Acha akunje.

Kuna mambo mawili ambayo tunawakataza waziwazi, na tunasema hivi kwa kuwa tumeyaona hata kwa watu wa kanisa. La kwanza ni kuongeza. Ameibiwa redio na blanketi, anaandikisha redio, blanketi, saa, baiskeli na shilingi 20,000, ati kwa sababu mwizi anastahili. Kortini anaulizwa juu ya baiskeli, anababaika, na hakimu anakosa kumwamini hata juu ya redio ambayo ilikuwa kweli. La pili ni kwenda kuvitazama vielelezo stesheni kabla, ukakariri alama zake, halafu ukaja kuzitaja kortini kana kwamba ulizijua tangu zamani. Huo ni uongo chini ya kiapo. Unaweza kumpeleka mtu asiye na hatia gerezani miaka mingi kwa jembe alilonunua sokoni. Alama itajwe kwanza, halafu kitu kionyeshwe. Askari mzuri hufanya hivyo mwenyewe. Kama hafanyi, mwombeni afanye hivyo.

Baadhi yenu mmetuandikia maswali, tutajibu machache.

Mmoja anauliza kama mahindi yaliyokuwa bado shambani yanaweza kuitwa mali iliyoibwa. Yanaweza. Kitu kilichoshikamana na ardhi kinakuwa cha kuibika mara tu kinapong'olewa au kuvunjwa, hata kama aliyekivunja ndiye mwizi mwenyewe. Shida ni kutambua, maana mahindi hayana sura. Hapo ushahidi utakuwa wa njia nyingine: nyayo, gunia lenye alama yenu, mashina yaliyovunjwa usiku ule, na mtu aliyemwona akipita. Hati itasema "mahindi mabichi, gunia moja", na inatosha.

Mwingine anauliza pampu ya kikundi itakaa kama kielelezo mpaka lini, na maji watu wanayahitaji. Mahakama ina uwezo wa kuamuru mali irudishwe kwa anayeonekana kuwa mwenyewe, vifungu vya 177 na 178. Mwendeeni kiongozi wa mashtaka mapema, mwombeni aiombe korti vitu vipigwe picha na kuonyeshwa, kisha virudishwe. Hakimu anaweza kukubali au kukataa, lakini asipoombwa pampu itakaa pale ikiota kutu.

Swali la mwisho ni la akina mama wa kuku, na limeandikwa kwa uchungu: kwa kuwa kuku hawamo katika sheria ya mifugo, tufanye nini? Kwanza, kuku ni mali, na kuiba kuku ni wizi, msimwache mtu awaambie vinginevyo. Kama waliibwa ndani ya nyumba mnamolala, elezeni hivyo katika taarifa na mtaje bei ya kila mmoja, kwa sababu kiongozi wa mashtaka ataangalia kama kifungu cha 279 kinafaa. Halafu watieni alama. Wengine hufunga uzi wa rangi mguuni, lakini uzi hukatwa. Vikundi vingine hukata ncha ya ukucha mmoja kifaranga akiwa bado mdogo, na kila mwanachama ana ukucha wake: huyu wa kati mguu wa kulia, yule wa nje mguu wa kushoto. Katibu anaandika katika daftari, na aliyekata ndiye anayekwenda kutoa ushahidi.